Kuku wazima wasipewe dawa

Maabara tunapootesha mkojo wa mgonjwa, tunapanga juu ya sahani vijikaratasi vilivyoloweshwa dawa mbalimbali na kusubiri hadi kesho yake. Dawa inayofaa huzungukwa na duara tupu. Siku hizi nakuta vimelea vimeota hadi kwenye ukingo wa karatasi nne au tano, na mgonjwa anaapa kwamba baadhi ya dawa hizo hajawahi kuzimeza. Namwamini.

Kimelea hakilazimiki kukutana na dawa ili kiizoee. Japani waliligundua hilo miaka ya 1950, wagonjwa wa kuhara damu walipokutwa na bakteria wa Shigella waliohimili dawa nne kwa mpigo: salfa, streptomaisini, kloramfeniko na tetrasaiklini. Mwaka 1959 Kunitaro Ochiai na Tomoichiro Akiba, kila mmoja na wenzake, walichanganya E. coli sugu, bakteria wa kawaida wa tumboni, na Shigella waliokuwa wakiuawa na dawa hizo. Shigella nao wakawa sugu. Jeni zilikuwa zimehama kutoka aina moja ya bakteria hadi nyingine kwa njia ya plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria hukinakili na kumpitishia mwenzake wanapogusana. Usugu kwa dawa zote nne ulikaa kwenye kipande kimoja.

Kwa hiyo hata bakteria wa tumboni asiyemdhuru mtu ni ghala la usugu, na ghala hilo tunalijaza mabandani. Mfugaji hununua unga wa tetrasaiklini bila cheti, akautia kwenye maji ya vifaranga wazima wasije wakaugua. Simlaumu, mtaji wake wote umo bandani. Lakini anachokihofia zaidi ni mdondo, na mdondo huletwa na kirusi, ambacho antibayotiki haikigusi kabisa! Wanaokufa ni bakteria dhaifu wa utumbo wa kuku. Sugu hubaki, hutoka na kinyesi, na kinyesi tunakimwaga kwenye matuta ya mchicha.

Hata hivyo ghala hilo linaweza kupunguzwa. China ilikuwa ikiwalisha mifugo antibayotiki ya kolistini ili wanenepe. Mwaka 2015 watafiti wakatangaza jeni ya mcr-1, inayoishinda dawa hiyo, ikiwa kwenye plasmidi, kwa nguruwe na kwa wagonjwa. Mwaka 2017 serikali ikapiga marufuku ulishaji huo, na jeni hiyo ikapungua kwa wanyama na kwa watu.

Nasi tuanze: antibayotiki ya mifugo isiuzwe bila cheti cha daktari wa mifugo, na chanjo ya mdondo, ambayo huzalishwa hapa hapa nchini, ifike kila kijiji kwa bei ambayo mfugaji wa kuku ishirini ataimudu.