Mwalimu na Tiketi ya Septemba



Kila ifikapo Septemba, magazeti huchapa orodha ya sinema mpya ambazo, kwa mujibu wa waandishi wake, haifai mtu kuzikosa. Huko Ulaya na Marekani majani ya miti yanaanza kupukutika, na watayarishaji nao wanaanza kuzifungulia zile sinema walizoziweka akiba tangu mwanzo wa mwaka. Sababu yake si siri. Tamasha la Venice, lililoanzishwa mwaka 1932, hufanyika mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba; la Toronto, lililoanzishwa mwaka 1976, hufuata papo hapo. Tuzo za Oscar hutolewa miezi michache baadaye, na kila mwenye sinema hutaka yake iwe bado mbichi katika kumbukumbu za wapiga kura. Kwa hiyo orodha tunayoisoma hapa Kampala, tunapofungua shule kwa muhula wa tatu, imepangwa kwa kalenda ya watu wengine na kwa haja za watu wengine.

Mwaka jana wenzangu watatu walibishana juu ya orodha hiyo katika chumba cha walimu. Wa kwanza alitaka sinema yenye mchezaji mashuhuri. Wa pili alitaka iliyosifiwa kuliko zote. Wa tatu alisema yoyote itamtosha, mradi kiti kiwe laini na umeme usikatike. Nilipowauliza kama yupo ambaye angetafuta kwanza sinema ya Kiswahili, walicheka. Kisha mmoja wao, naye ni mwalimu wa Kiswahili kama mimi, akajibu: "Hiyo nitaazima kwa mtu baadaye." Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli sokoni, ambako mnunuzi huweza kulibonyeza embe kabla ya kulipa. Katika jumba la sinema mambo ni kinyume. Hapo mtu hulipa kwanza, akaonja baadaye, na aghalabu anayejitembeza kwa mabango makubwa ndiye anayeuza. Tena mwenye jumba hahesabu sifa, huhesabu tiketi. Viti vikiwa vitupu katika siku za mwanzo, sinema huondolewa na nyingine ikawekwa mahali pake. Kwa hiyo anayesema "nitaitazama baadaye" amekwisha kupiga kura, na kura yake ni ya kuifukuza.

Wala athari ya kura hiyo haiishii mlangoni. Mwaka 2016, mwezi huo huo wa Septemba, ilitolewa Marekani sinema ya Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair. Inasimulia habari za Phiona Mutesi, msichana wa Katwe hapa hapa Kampala, aliyejifunza sataranji akashinda. Nilifurahi kuuona mji wetu katika kiwambo, na sinema yenyewe ni nzuri. Lakini watu wa Katwe wanazungumza Kiingereza karibu mwanzo hadi mwisho. Tusimlaumu mwongozaji. Mwenye fedha hutengeneza sinema kwa lugha ya mnunuzi wa tiketi, nasi tulikuwa hatujawahi kujitokeza kuwa wanunuzi.

Sasa tutazame Septemba nyingine. Mwaka 2021, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilionyeshwa katika tamasha la Toronto. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, ambayo wengi wetu tumeisoma na kuisomesha. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, jambo ambalo ilikuwa haijalifanya tangu ilipopeleka Maangamizi mwaka 2001. Sinema iliyotoka katika rafu zetu wenyewe ilifika mbele ya walimwengu. Ni wangapi miongoni mwetu tuliokwenda kwa meneja wa jumba la sinema lililo karibu nasi kumwuliza italetwa lini? Mimi sikwenda. Naungama hapa mbele yenu, na aibu hiyo ni sehemu ya wino huu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa sisi tunaofundisha Uganda. Katiba yetu iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha tena kipewe hadhi hiyo na kifundishwe mashuleni. Lakini amri haiondoi hofu. Wako wazee wengi ambao, wakisikia "simama!", hukumbuka askari na kizuizi cha barabarani. Kwao Kiswahili ni lugha ya bunduki, na watoto wao huja darasani na urithi huo. Mimi na chaki yangu siwezi kuufuta peke yangu. Lakini mtoto akimwona Yasmin akizungumza mapenzi kwa Kiswahili, na Denge akidai uhuru kwa Kiswahili, atakuwa amesikia sauti ambayo baba yake hakuisikia kizuizini.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba mshahara wa mwalimu ni mdogo. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kuchagua. Tajiri anaweza kutazama zote. Mwenye tiketi moja kwa mwezi hana budi kujua anaitoa kwa nani. Ya pili ni kwamba Kiswahili cha sinema ni cha mitaani. Wanataja Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyokuwa ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania Oscar, ambamo vijana wanasema Sheng. Sasa mlitaka mwizi wa Nairobi azungumze kama kitabu cha sarufi? Mwanafunzi aulizwe ni nani anayesema, anasema na nani, na kwa nini hakusema vinginevyo. Hilo ni somo zima la matumizi ya lugha. Ya tatu ni ya wale wanaosema wamekwisha kusoma kitabu. Hao ndio ningewatangulizia viti vya mbele, maana ndio pekee wanaoweza kutueleza kilichoachwa na kilichoongezwa.

Sisemi tususie sinema za wageni. Atakayezisusia zote atakuwa amejifungia dirisha. Nasema tusiiachie orodha ya Septemba ituchagulie. Kila mmoja wetu aanze kwa kuuliza kama ipo sinema ya Kiswahili, au ya lugha nyingine yetu. Ikiwapo aitazame katika siku zake za mwanzo, na alipe. Ikiwa haipo, walimu kumi waende pamoja kwa meneja na kuiomba, wakimwahidi watazamaji wa asubuhi moja kutoka madarasa yao. Meneja ni mfanyabiashara. Hatasikia hotuba zetu juu ya utamaduni, lakini atasikia hesabu ya viti.

Septemba nyingine inakuja. Safari hii nitakwenda kwa meneja kabla ya orodha kuchapwa. Anayetaka kufuatana nami aje.