Pombe Katika Majani ya Tumbaku

Mwanafunzi wa kemia pale Salama, kituo kile cha malori kilichoko kati ya Malili na Sultan Hamud katika Kaunti ya Makueni, hahitaji kusafiri hadi Uchina ili aelewe kwa nini majani ya tumbaku hunyunyiziwa pombe ya mchele. Amwulize nyanya yake. Tangu jadi Wakamba wametengeneza pombe ya asali au ya maji ya miwa kwa kuitia tunda kavu la mwegea, lile liitwalo muratina, ambalo hubeba hamira katika nyuzi zake. Mchele nao una wanga, si sukari, kwa hivyo Wachina hutanguliza kuvu wa kuugeuza wanga huo, ndipo hamira ipate chakula.

Jani la tumbaku likisha kukaushwa bado huwa kali, lenye kuwasha koo. Hulowanishwa kidogo, likarundikwa, na rundo likaanza kupata joto lenyewe. Vijidudu na vimeng'enya huvunjavunja wanga na protini, hewa ya amonia hutoka, na ukali hupungua. Pombe ya mchele huongeza hapo sukari kidogo, asidi, na zile kemikali zinazoyapa matunda mabivu harufu yake. Kwingineko hutumiwa ramu, asali, au kakao. Nia ni moja: jani chungu limezeke.

Hapo ndipo ninapotaka mwalimu asite kidogo kabla ya kulisifu somo hili. Nitrosamini, jamii ya kemikali zinazosababisha saratani, hujitengeneza hasa wakati tumbaku inapokaushwa na kuchachushwa. Rundo linalonukia vizuri laweza kuwa na sumu nyingi kuliko jani bichi lililotoka shambani. Pua haina kipimo cha saratani.

Wazee wetu, waama, hawakuwa malaika katika jambo hili. Ugoro husagwa na kutiwa magadi, na magadi hayo huifungua nikotini ipenye upesi puani. Tofauti ni kwamba mzee aliyeomba ugoro alijua anaomba ugoro. Ulimwasha, akapiga chafya mbele ya watu. Kijana wa leo hupewa kifuko kidogo cheupe chenye ladha ya mnanaa au matunda, akakificha chini ya mdomo darasani, bila moshi na bila harufu ya kumshtaki.

Vifuko hivyo viliingia Kenya kwa jina la Lyft. Mwaka 2020 Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alisema kuwa usajili wake ulikiuka sheria. Baadaye vikarudi kwa jina la Velo. Jina lilibadilika, nikotini haikubadilika.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku tunayo tangu mwaka 2007. Kanuni za mwaka 2014 zilimtaka mtengenezaji, pamoja na mengine, aieleze serikali anachokitia ndani ya bidhaa zake. Kampuni ya British American Tobacco ilizipinga kortini, na vita hivyo vikafika hadi Mahakama ya Juu, iliyoitupa rufani hiyo Novemba 2019. Yaani tulitumia miaka minne na zaidi kubishana, miongoni mwa mengine, iwapo mlaji ana haki ya serikali yake kujua kilichomo. Muuza mandazi angefungiwa kibanda kwa ukaidi wa aina hiyo!

Wenzetu walishalitazama suala la ladha lenyewe. Marekani ilipiga marufuku sigara za ladha mwaka 2009, ingawa iliiacha mentholi. Ethiopia ilikataza tumbaku yenye ladha kwa sheria ya mwaka 2019. Kwetu, mswada wa mwaka 2024 wa Seneta Catherine Mumma ulikusudia kuzitia sigara za elektroniki na vifuko vya nikotini chini ya sheria ya tumbaku. Watetezi wa viwanda husema kuwa ladha humsaidia mvutaji mzee kuacha sigara. Na iwe hivyo kwa huyo mzee. Lakini mvulana wa kidato cha pili hakuwa na sigara ya kuacha, na ladha ya matunda haikumkuta akitafuta tiba. Wabunge watakapoketi kulijadili suala la ladha, wamwite pia mwalimu wa zamu, yule anayevikuta vifuko hivyo chini ya madawati jioni.