Tusimsifu Dk. Lukwiya kwa kufa, tumsifu kwa alivyofanya kazi

Dk. Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa Hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu kaskazini mwa Uganda, alifariki kwa Ebola Desemba 5, 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Kila anapokumbukwa, husimuliwa kama daktari aliyejitoa mhanga ili wengine wapone. Anastahili heshima hiyo, ila simulizi hiyo inaanzia mwisho wa maisha yake na kuacha miaka 17 aliyoitumikia hospitali ile. Tena inatupa sisi tuliobaki njia rahisi ya kukwepa swali. Kiongozi wa afya akishaitwa shujaa aliyeyatoa maisha yake, hakuna anayeuliza kwa nini ilimlazimu kuyatoa. Kumsifu mganga kwa kufa bila kudai kinga kwa wanaoendelea na kazi yake ni kumkumbuka nusu, na hiyo nusu tunayoiacha ndiyo aliyoijali zaidi.

Hebu tuangalie alichokifanya hasa. Lukwiya, mzaliwa wa Kitgum, alijiunga na Lacor mwaka 1983, na baadaye alisomea magonjwa ya watoto wa nchi za joto katika Chuo cha Tiba za Kitropiki cha Liverpool, Uingereza, ambako alifaulu vizuri mno. Angeweza kubaki huko, au kutafuta kazi Kampala. Alirudi Gulu, katika eneo lililokuwa la vita kati ya serikali na waasi. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi waliingia hospitalini wakitaka kuondoka na watawa; yeye akajitolea achukuliwe badala yao, akakaa nao porini siku kadhaa kabla ya kuachiwa. Miaka iliyofuata, milango ya Lacor ilifunguliwa usiku kwa maelfu ya wanavijiji waliokuja kulala ndani ya uzio kwa hofu ya kutekwa. Mambo haya yanasimuliwa kama ushujaa, na ni ushujaa kweli. Lakini ni uongozi pia: mtu mwenye dhamana akijiuliza kila siku namna ya kuwaweka hai watu walio chini yake.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala, masomoni Chuo Kikuu cha Makerere, alipopigiwa simu kwamba kuna ugonjwa usioeleweka Lacor na kwamba wauguzi wanafunzi wanakufa. Akarudi. Alipitia mafaili ya wagonjwa, akaona homa, kutapika na kutokwa damu vikijirudia faili baada ya faili, akashuku ni homa ya virusi inayosababisha kuvuja damu. Hakungoja barua zipande ngazi kwa ngazi. Alimpigia moja kwa moja Dk. Sam Okware wa Wizara ya Afya, sampuli zikapelekwa Afrika Kusini, na kabla ya majibu kurudi alikuwa ameshatenga wadi maalumu kwa kufuata mwongozo wa kudhibiti maambukizi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wataalamu wa Marekani kwa ajili ya hospitali za Afrika. Gauni, glavu, barakoa, miwani ya kinga, maji ya klorini mlangoni, utaratibu wa nani aingie na nani asiingie: hivyo ndivyo alivyopambana. Mlipuko ule uliwakumba watu 425 na kuua 224. Hakuna anayeweza kusema wangekuwa wangapi kama simu ile ingechelewa wiki mbili.

Mtu wa namna hii hakutafuta kufa. Alikuwa mtu wa taratibu. Maambukizi yake yanaaminika kutokea usiku mmoja wa Novemba, alipoitwa kumhudumia muuguzi wake mwenyewe aliyekuwa mahututi, akihangaika kitandani na kutoka damu. Lukwiya alivaa gauni, glavu na barakoa, lakini macho yake hayakuwa na kinga. Ni kitu kidogo cha plastiki. Baada ya wiki nyingi za kufanya kazi bila kupumzika, na wauguzi wakifa mmoja baada ya mwingine, mwili wa binadamu hufanya kosa ambalo utaratibu mzuri na watu wa kutosha wa kupokezana zamu ungelizuia. Takwimu za mlipuko huo zinathibitisha: kati ya watumishi wa afya 22 walioambukizwa Gulu, 14 waliambukizwa baada ya wadi za kutenga wagonjwa kufunguliwa. Maana yake wadi peke yake haitoshi. Panahitajika vifaa vya kutosha kila zamu, usimamizi wa namna ya kuvaa na kuvua, na watumishi wa kutosha ili asiwepo anayeingia mle akiwa na usingizi machoni.

Sasa turudi kwenye simulizi ya shujaa mmoja. Lacor ilipoteza watumishi 13 katika mlipuko ule, Lukwiya akiwa mmoja wao. Wengi wa hao wengine walikuwa wauguzi, na majina yao hayajulikani nje ya Gulu. Novemba ile, baada ya vifo kadhaa kufuatana ndani ya muda mfupi, watumishi walikusanyika wakiwa wamechoka na kuogopa, wakitaka hospitali ifungwe. Lukwiya alizungumza nao kwa saa nyingi. Hakuwaita waoga. Aliwaambia anayetaka kuondoka aondoke, yeye atabaki. Wengi walibaki naye. Kumbukumbu inayomtaja yeye tu inawasahau waliosikia maneno hayo wakarudi wadini, ambao mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wake na walikaa karibu zaidi na wagonjwa kuliko daktari yeyote. Ninaamini yeye mwenyewe asingekubali kukumbukwa hivyo.

Pia aliacha mke na watoto. Alizikwa na watu waliovaa mavazi ya kinga mwili mzima, na familia ikasimama mbali, kama taratibu zilivyotaka. Aliyefiwa na mumewe hakuweza kumgusa. Tunaposema marehemu alikuwa baba wa wote, tunaisogeza pembeni familia ambayo kwayo alikuwa baba hasa, wa kulipa karo na kuketi mezani jioni. Taifa linapomchukua marehemu na kumfanya wake, lichukue na mzigo aliouacha: ada za watoto, mafao yanayolipwa kwa wakati, bima isiyohitaji wajane kuzunguka ofisi kwa ofisi wakiwa na cheti cha kifo mkononi. Rambirambi isiyofika huko inaishia kwenye kipaza sauti.

Wapo watakaosema kuwa kuzungumzia miwani na mafao kwenye kumbukumbu ya mtu mkubwa ni kumshusha, na kwamba udaktari ni wito. Anayeuingia anajua hatari zake. Hoja hii ina uzito, maana ni kweli wapo watu wanaobaki wadini pale ambapo wengine wote wangekimbia, na hakuna mshahara unaoweza kununua moyo huo. Lakini wito ni ahadi ya mganga kwa mgonjwa. Haumwondolei mwajiri wajibu wake hata kidogo. Askari naye huapa kuwa tayari kufa, ila hakuna jenerali anayempeleka vitani bila silaha kisha akasimama kaburini kusifu uzalendo wake. Lukwiya aliusikia wito, na kitu cha kwanza alichofanya kwa wito huo ni kufungua mwongozo wa kinga na kuufuata ukurasa kwa ukurasa. Anayetumia wito kama jibu la ukosefu wa glavu anamtumia Lukwiya dhidi ya Lukwiya.

Pingamizi la pili ni la umaskini: nchi zetu hazina fedha, tutalinda wangapi? Hili ndilo ninalolichukulia kwa uzito zaidi, na majibu yake yako karibu nasi. Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg, ndugu wa Ebola. Watu 66 waliugua, na karibu wanane kati ya kila kumi walikuwa watumishi wa afya. Kwa historia ya ugonjwa huo, ambao katika milipuko mingine mikubwa umeua hata zaidi ya wanane kati ya kumi, ungetarajia msiba wa taifa. Waliofariki walikuwa 15. Waliokoa maisha kwa kugundua wagonjwa mapema, kuwafuatilia waliokutana nao, dawa za majaribio zilizofika haraka, na huduma ya wagonjwa mahututi iliyowawezesha hata waliowekewa mashine ya kupumua kutoka hospitali wakiwa hai. Rwanda si nchi tajiri. Ilikuwa imejiandaa kwa miaka mingi. Na tukiingia kwenye hesabu, kutojiandaa ndiko ghali. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, watumishi wa afya zaidi ya 800 waliambukizwa na zaidi ya 500 wakafa. Liberia pekee inakadiriwa kupoteza karibu asilimia 8 ya madaktari, wauguzi na wakunga wake. Kumsomesha daktari mmoja huchukua miaka, na mama anayejifungua kijijini hawezi kungoja miaka hiyo.

Hatuna haja ya kwenda Liberia kupata mifano. Mlipuko wa Ebola ya kirusi cha Sudan ulipotangazwa Uganda Septemba 2022, ukianzia Mubende, watumishi wa afya 19 waliambukizwa na saba wakafa, akiwemo daktari kijana Mtanzania aliyekuwa akisomea upasuaji huko. Machi 2023 Marburg ikazuka Kagera, na miongoni mwa waliofariki alikuwemo mtumishi wa afya. Kenya, Desemba 2020, daktari wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa Uviko-19 alifariki akiwa hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa. Wenzake waligoma mwezi huo huo, na miongoni mwa madai yao yalikuwemo bima na vifaa vya kinga. Kila mara zilitolewa salamu za pole kutoka juu. Kila mara walisifiwa kwa kujitolea. Sifa hizo zinaposemwa bila hatua kufuata, zinageuka kuwa namna ya kuzoea vifo hivi.

Lacor yenyewe ilikuwa imeshaonja hili kabla ya Lukwiya. Dk. Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada aliyefika hapo mwaka 1961 na kuijenga hospitali hiyo pamoja na mumewe, Dk. Piero Corti, aliambukizwa virusi vya Ukimwi akiwapasua majeruhi wa vita, akafariki mwaka 1996. Lukwiya alizikwa jirani naye, ndani ya uwanja wa hospitali. Wote wawili waliambukizwa wakiwa kazini, miaka minne tu ikitenganisha vifo vyao. Mtu anaweza kusoma hapo utakatifu wa kazi ya uganga. Mimi nasoma pia orodha ya mahitaji ambayo haijatimizwa.

Wanaoandika tanzia za viongozi wa afya, na wanaozisoma bungeni na makanisani na misikitini, wanaweza kuanza na mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wao. Wataje alivyofanya kazi kabla ya kutaja alivyokufa. Wataje wauguzi, wahudumu na madereva wa gari la wagonjwa waliokufa katika mlipuko huo huo. Waulize hadharani kama mafao ya familia yamelipwa, na warudi kuuliza baada ya mwaka. Wabunge wanapopitisha bajeti ya afya, wadai fungu la vifaa vya kinga linalonunuliwa kabla ya mlipuko, pamoja na bima inayomlinda mtumishi wa afya tangu siku ya kwanza ya ajira, akiwemo mwanafunzi wa uuguzi aliye kwenye mafunzo. Wanafunzi kama hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa Lacor, na hao ndio simu ile ya Oktoba 2000 iliyomrudisha Lukwiya ilikuwa ikiwahusu. Januari 30, 2025, Uganda ilitangaza tena mlipuko wa kirusi kile kile cha Sudan. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa, ambaye alikuwa amefariki siku iliyotangulia, alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago.