SS7 na usalama wa simu kati ya mitandao

SS7 ni mfumo wa ishara ambao mitambo ya kampuni mbalimbali za simu hutumia kuwasiliana ili kuunganisha simu, kupeleka ujumbe mfupi na kumhudumia mteja aliye nje ya nchi yake. Ulibuniwa Marekani na kampuni ya AT&T katikati ya miaka ya 1970, ukakubaliwa kimataifa mwaka 1980. Bado unatumika duniani kote, na hapo ndipo penye tatizo.

== Namna unavyofanya kazi ==
Anayepiga simu husikia mlio tu, lakini kabla ya mlio huo mengi yameshapita. Mtambo wa kampuni yake husoma namba na kuuarifu mtambo wa kampuni ya pili kwamba namba hiyo inatafutwa. Mtambo wa pili hujibu kwamba imepatikana na inaita. Simu ikipokelewa hutumwa ujumbe mwingine, na malipo huanza kuhesabiwa. Mmoja akikata, njia ya sauti huachiliwa.

Ishara hizi hupita katika njia yake, mbali na sauti. Zamani haikuwa hivyo. Huko Marekani toni ya hezi 2600, ikisikika ndani ya laini, iliuambia mtambo kwamba laini ya masafa marefu iko wazi. Watundu waligundua kuwa filimbi ya kuchezea iliyotolewa ndani ya paketi za nafaka za Cap'n Crunch ilitoa toni hiyohiyo, wakapiga simu za mbali bure. Steve Wozniak na Steve Jobs, kabla ya kuanzisha Apple, waliuza vifaa vya hila hiyo. Kutenganisha ishara na sauti kulifunga mlango huo.

== Udhaifu ==
Mlango mwingine ulibaki wazi. SS7 ilitungwa wakati kampuni za simu zilikuwa chache, nyingi zikiwa mali ya serikali, na zikijuana. Kwa hiyo mfumo haumwulizi mtuma ishara athibitishe kuwa yeye ni nani. Leo waliounganishwa ni wengi mno, na wengine hukodisha nafasi yao kwa watu wa nje.

Kila mteja wa simu ya mkononi ana kumbukumbu katika kampuni yake inayoonyesha yuko wapi. Akisafiri, mtandao wa ugenini hutuma taarifa kwamba amefika huko. Mhalifu aliyeingia katika SS7 anaweza kutuma taarifa kama hiyo ya uongo, na ujumbe mfupi wa mteja ukaelekezwa kwake, ilhali mwenye simu ameketi nyumbani. Anaweza pia kuuliza mahali alipo mtu. Desemba 2014 Tobias Engel na Karsten Nohl walieleza udhaifu huu hadharani mjini Hamburg. Mwaka 2017 ikathibitishwa Ujerumani kwamba wezi, wakiwa tayari na nywila za benki za wateja, walinasa kwa njia hii namba za uthibitisho zilizotumwa kwa ujumbe mfupi na kuhamisha fedha.

== Hali ya sasa ==
Machi 2024 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilizitaka kampuni zieleze zinavyozuia watu kufuatiliwa kupitia SS7. Kampuni nyingi zimeweka vichujio vya kukataa ishara za kutilia shaka, na 5G ina lango la ulinzi mpakani mwa mitandao. Lakini mradi 2G na 3G zipo, SS7 ipo.

Katika Afrika ya Mashariki 2G haiondoki upesi, kwa kuwa ndiyo inayobeba simu za kitochi, na kwa wengi kitochi ndicho benki. Menyu za pesa za simu kwa kawaida hubaki ndani ya mtandao wa kampuni husika, kwa hiyo si rahisi kunaswa kutoka nje. Kinachohitaji hadhari zaidi ni namba za uthibitisho za benki, barua pepe na WhatsApp zinazotumwa kwa ujumbe mfupi. Hata hivyo isidhaniwe kwamba kila pesa iliyopotea imeibwa kwa SS7: mwizi wa kawaida hana haja ya mitambo, humpigia mtu simu na kumlaghai ataje namba yake ya siri. Programu ya uthibitisho ndani ya simu janja haitegemei SS7, ila mwenye kitochi hawezi kuitumia.