Merikebu iliyozama: kutazama ndiyo, kuiba hapana



Kuna ubishi juu ya watu wenye kuzamia baharini kutafuta sumarini, ni kusema merikebu za vita zenye kutembea chini ya maji, zilizozama katika vita ya 1939-1945. Wamoja wanasema: Wafu wapumzike, wasisumbuliwe. Wengine wanajibu: Wafu hawasikii kitu, na chuma ni feza. Mimi ninakataa yote mawili, na sababu ni hizi.

Tutwae mfano wa Perseus, sumarini ya Waingereza. Tarehe 6 Desemba 1941 iligonga bomu la Waitalia karibu na kisiwa cha Kefalonia, katika inchi ya Ugiriki. Watu 61 walikuwa ndani. Mmoja tu alipona, jina lake John Capes. Alieleza kwamba alijaza maji katika chumba cha nyuma mpaka nguvu ya maji ya ndani ikalingana na ya inje, ndipo mlango wa juu ukakubali kufunguka. Mbele ya kutoka, alikunywa pombe kidogo katika chupa yake. Kisha akapanda na kifaa cha kupumulia, akaogelea mpaka kisiwani. Wanakijiji walimficha muda wa miezi 18, na hatari ilikuwa juu ya vichwa vyao.

Lakini watu wengi hawakumsadiki. Alikufa mwaka wa 1985, na mashaka yangali pale. Kumbe, mwaka wa 1997 wazamiaji Wagiriki, wenye kuongozwa na Kostas Thoctarides, waliichunguza Perseus, meta 52 chini. Mlango wa nyuma uko wazi, na ile chupa iko! Je, safari ile ilisumbua wafu? Mimi ninasema iliwapa heshima, na mtu mmoja akarudishiwa jina lake.

Sasa kwa wenye kusema chuma ni feza. Mwaka wa 2016, katika bahari ya Java, ilionekana kwamba merikebu tatu za Waholanzi zilizozama mwaka wa 1942 zimeibiwa. De Ruyter na Java zilikosekana kabisa, na Kortenaer sehemu kubwa. Wezi walibomoa makaburi ya mamia ya mabaharia juu ya kuuza vyuma. Ile si kazi, ni wizi wa kaburini.

Basi, mwenye kupanga safari ya namna hii ashike mambo haya:

1. Awe na swali. Mtu asiingie ndani ya kaburi kwa kujifurahisha.

2. Aombe ruhusa. Merikebu ya vita hata ikizama inabaki ya serikali yake. Waingereza wana sheria ya mwaka wa 1986 yenye kulinda merikebu hizi.

3. Awajulishe watu wa jamaa, na majina ya wafu yasomwe mbele ya kushuka.

4. Ajitayarishe mwili. Kwa meta 52 uzito unapita mara sita ule wa hapa juu. Hewa ya kawaida inalevya kichwa kule, na mtu akipanda mbio damu yake inafanya mapovu. Apande polepole, akisimama njiani. Si mchezo wa wanaoanza.

5. Asitupe nanga juu ya merikebu, asiguse mifupa, asilete hata msumari. Picha zinatosha.

Wandugu, neno hili si la Wazungu peke yao. Tarehe 9 Februari 1916, mashua Mimi na Fifi za Waingereza, zenye kutoka hapa kwetu Kalemie, zilizamisha Hedwig von Wissmann ya Wajerumani katika ziwa Tanganika. Wajerumani walikufa, na mabaharia Waafrika vilevile. Siku watu wenye vyombo watakapokuja kuitafuta, tusiwashangilie tu juu ya mashine zao. Tuwaulize: Munatafuta nini? Nani amewaruhusu? Majina ya wafu munayajua, hata ya wale Waafrika? Wakiwa na jibu, tuwasaidie. Wakikosa, warudi kwao.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano