Wimbo wa kusifu wanawake bila kuwauliza



Wenye wamezoea kunisoma hapa wanajua mimi naandika juu ya mushahara, dawa na sous-traitance. Leo naanza na wimbo wa Marekani. Musiseme délégué amechoka na kazi ya syndicat. Mukisoma mpaka chini, mutaona tunarudia palepale.

Mwezi wa 7 mwaka 2024, nilitoka équipe ya usiku, nikakuta binti yangu na telefone mu mukono. Akaniita: "Papa, kuya uone, huyu mama eko amevaa sawa watu ya ku chantier!" Nikaangalia. Ilikuwa Katy Perry, mwimbaji wa Marekani, mu clip ya wimbo wake mupya "Woman's World", ni kusema "Dunia ya mwanamuke". Vyombo vya kazi vilikuwa pale, chantier ilikuwa pale, wanawake wanacheza. Nikauliza: "Sasa wanajenga nini?" Mutoto akacheka sana: "Papa, habajenge kintu. Ni clip tu."

Mwaka umepita na zaidi, na jibu la mutoto halijanitoka kichwani.

Kwa wazee ambao hawamujui, niseme kidogo. Katy Perry alizaliwa mwaka 1984 kule California, wazazi wake ni wachungaji. Album yake ya 2010, "Teenage Dream", ilitoa nyimbo tano ambazo zilifika namba 1 mu liste kubwa ya Marekani, ile ya Billboard. Mbele yake mutu mumoja tu alikuwa ameweza hivyo na album moja: Michael Jackson na "Bad". Mwaka 2013 akatoa "Roar", nayo ikafika namba 1. Hata kwetu vijana wengi waliicheza. Kisha mambo yakapungua. Album ya 2017 na ile ya 2020 hazikupata nguvu kama za kwanza. Akakaa miaka saba kama mutu wa kuhukumu waimbaji mu televisheni, mu "American Idol". Akazaa mutoto. Mwaka 2024 akaacha ile kazi, akasema anarudi ku muziki.

"Woman's World" njo ilikuwa mulango wa kurudi. Ilitoka tarehe 11 mwezi wa 7. Mu liste ileile ambako alizoea namba 1, ilifika namba 63, haikupanda tena. Magazeti ya Marekani na Uingereza yakaikata vibaya. Wanawake, wenye aliwaimbia, njo walikuwa wa kwanza kukasirika. Album yenyewe, "143", ikatoka mwezi wa 9, nayo watu waliipokea baridi.

Juu ya nini? Nilisikia maelezo mengi. Wamoja wanasema amezeeka. Miaka 39 si uzee, mimi niko juu yake na bado nashuka mu mine. Wengine wanasema watu hawapendi kusikia mwanamuke anasifiwa. Hilo nalo nalikataa, kwa sababu "Roar" ilikuwa wimbo wa mwanamuke anayepata nguvu, na dunia nzima iliipokea. Mu "Roar" kulikuwa mutu mumoja: alinyamaza muda murefu, kisha akachoka kunyamaza. Kila mutu ambaye mukubwa wa kazi alimupigia kelele alijiona mule.

Mu "Woman's World" hakuna mutu. Kuna liste ya sifa. Sifa ya kwanza, ya pili, ya tatu, sawa vile magasinier anasoma inventaire ya dépôt. Wimbo unasifu wanawake wote wa dunia, na hakuna hata mumoja ambaye unamujua. Huyo mwanamuke anaamuka saa ngapi? Nani anabaki na watoto wake? Anaogopa nini njiani? Hausikii. Mimi naona wimbo ulianguka pale. Mutu akikusifu bila kukujua, unasema aksanti na unapita.

Halafu clip. Sehemu ya kwanza wanavaa nguo za chantier na nguo za ndani, wanacheza na vyombo vya kazi. Kisha kinjanja kikubwa cha chuma, kile cha kufulia vyuma, kinamuangukia Katy Perry na kumubonda. Wakati watu walianza kukasirika, akatoka kueleza: ilikuwa mchezo, tulikuwa tunacheka namna wanaume wanaangalia wanawake. Inawezekana ni kweli. Lakini sisi ku kazi tunajua ile namna. Chef anakutukana mbele ya équipe, akiona watu wamenuna anasema: "Nilikuwa nacheka tu." Mchezo muzuri, mwenye kuchekewa anaelewa kwanza. Ikibaki wewe kueleza kesho yake, mchezo umekufa.

Tena kuna jambo la wenye walitengeneza. Mumoja wao ni Dr. Luke, producteur ambaye alifanya naye nyimbo kubwa za zamani. Mwaka 2014 mwimbaji mwingine, Kesha, alimushitaki kwamba alimutendea mabaya. Yeye alikana siku zote, na mwaka 2023 wakapatana, kesi ikaisha. Mimi si juge, sitahukumu. Nasema tu: kama unaandika wimbo wa kuheshimu wanawake, ulizo la kwanza ni kuwauliza wao wenyewe watajisikia namna gani wakiona jina lile. Wengi walijibu mu siku ya kwanza. Inaonekana mbele ya pale hakuna mutu aliwauliza.

Kuna picha ambayo clip ile iliiga. Munaijua, hata ku T-shirt za soko iko: mwanamuke na kitambaa chekundu ku kichwa, amekunja mukono kuonyesha nguvu. Watu wanafikiri ni picha ya wanawake wenye kupigania haki. Kumbe ilichorwa mwaka 1943, wakati wa vita, kwa ajili ya sosiete moja kubwa, Westinghouse. Ilitundikwa ndani ya viwanda vyake karibu juma mbili tu, ili wafanyakazi watie bidii na wasikose kazi. Ni kusema, ile picha patron njo aliilipa. Haikusema kitu juu ya mushahara. Miaka mingi kisha, karibu 1980 na kitu, wanawake wa Marekani njo waliichukua na kuipa maana yao.

Mu vita ileile shaba ya Katanga ilikuwa inatoka kwa wingi. Hapa hawakututundikia picha. Mwezi wa 12 mwaka 1941 wazee wetu wa Union Minière, Élisabethville, waliomba mushahara waongezewe, wakakusanyika ku stade, na waaskari wakawapiga risasi. Watu makumi walikufa. Nakumbusha hivi ili tujue: picha nzuri ya mufanyakazi na hesabu ya mufanyakazi ni vitu mbili. Ya kwanza ni bei rahisi kwa mwenye kuitoa.

Sasa nafika kwetu. Na hapa mimi mwenyewe niko ndani.

Kila mwaka tarehe 8 mwezi wa 3, kwetu ni kikwembe, ni défilé, ni kinywaji na hotuba. Mwaka mumoja, ku sosiete ambako nilikuwa natumika, syndicat ilinipa mimi kusoma hotuba. Niliiandika usiku mbili. Nikasema mwanamuke ni nguzo, mwanamuke ni mama wa taifa, mwanamuke ni nguvu ya mine yetu. Watu wakapiga makofi. Direction ikapiga makofi zaidi, na hiyo peke yake ingenitosha kujua nimekosea.

Wakati wa kinywaji, mama mumoja wa triage akanikaribia. Aliniheshimu sana, hakunisemea mbele ya watu. Akaniambia: "Papa délégué, aksanti kwa maneno. Lakini angalia miguu yangu." Alikuwa amevaa mabote ya kazi, namba ya mwanaume. Ndani alikuwa ameingiza vitambaa ili mabote yasitoke. Akaendelea: "Miaka ine njo hivi. Na kubadilisha nguo, tunabadilishia nyuma ya conteneur, mumoja anachunga njia. Hotuba yako haikufika pale."

Wandugu, nilikuwa ninapita ku ile conteneur kila siku. Miaka ine nilipigania prime ya usiku, nikapigania transport, na sikuwahi kuuliza mama wa triage anabadilishia nguo wapi. Hotuba yangu ilikuwa "Woman's World" kamili: sifa mingi, mutu hakuna. Niliposikia ule wimbo wa Katy Perry miaka kisha, nilicheka na watoto, lakini moyoni niliitambua sauti. Ilikuwa yangu.

Mabote yalipatikana, nayo haikukuwa vita. Tulipeleka karatasi moja, majina na namba za miguu, na direction ikaagiza. Vestiaire ya wanawake ilichukua muda murefu zaidi, na tulipigana réunion kwa réunion. Nakumbuka tu kwamba siku tulileta majina na namba, hakuna mutu alituambia "tutaona". Siku tulileta maneno makubwa, walitupigia makofi na kutupatia Fanta.

Juu ya hiyo nina mambo matatu kwa wenzangu wa syndicat mbele ya 8 mars yenye kuja.

La kwanza: hotuba isiandikwe na mwanaume peke yake usiku ku nyumba. Kaeni na wamama wa triage, wa kantini, wa kufagia bureau, wa laboratoire, na wale wa sous-traitance ambao hawaalikwi hata ku défilé. Muulize, muandike, na mutu mwanamuke asome.

La pili: kila sifa mu hotuba ifuatwe na ombi moja lenye namba. Mukisema mwanamuke ni nguvu, semeni tena anahitaji mabote namba 38, na ni watu wangapi. Mukisema ni mama, semeni saa ya kunyonyesha mutoto iheshimiwe ku kila poste, hata ku zile za sous-traitance.

La tatu: wakati wa uchaguzi wa délégués, tuache kuweka jina la mwanamuke chini kabisa ya liste ili liste ionekane nzuri. Hiyo nayo ni clip tu, sawa vile binti yangu alisema.

Najua kuna wenye watanijibu kwamba kikwembe na défilé vinaleta furaha, na furaha si dhambi. Ni kweli. Mimi sikatai kikwembe. Bibi yangu anavaa yake mpaka leo. Nakataa kikwembe kiwe jibu la ulizo ambalo hakuna mutu aliuliza.

Na Katy Perry? Hakufa na wimbo mumoja. Mwaka 2025 alizunguka dunia na tournée yake, akianzia Mexico, na nyimbo za zamani bado zinaita watu. Pengine ataandika tena wimbo mukubwa. Namutakia hivyo, na ninafikiri siku atafanya, ataanza na mwanamuke mumoja ambaye anamujua vizuri, pengine yeye mwenyewe.

Binti yangu yuko sasa mu humanités, anasema atasoma électricité. Akifika ku chantier siku moja, sitaki akute watu wanamuimbia. Akute mabote ya mguu wake na mulango wenye kufungika wa kubadilishia nguo. Akitaka kucheza kisha, acheze.

Kazi njema kwa équipe zote, na murudi salama kunyumba.