Dawa ya Deni

Hapana jambo rahisi duniani kama kumwambia mtu mzima abaki pale alipo. Aliyesifiwa kwa wimbo mmoja huombwa wimbo ule ule mpaka sauti imkauke, na siku anapoleta mwingine huambiwa kwamba amepotoka. Nataka, msomaji wangu, kukipinga kilio hicho mbele yako. Pamoja nacho nitaipima lawama nyingine iliyo nzito zaidi, ile isemayo kwamba kila achukuaye sauti ya watu wengine ni mwizi. Hoja isiyo na mfano ni taa isiyo na mafuta. Kwa hiyo nitakuletea mfano wa mtu mmoja na albamu yake moja.

Mtu huyo ni Robert Plant, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1948 katika mji wa West Bromwich. Mwaka 1968 aliungana na wanamuziki watatu, Jimmy Page, John Paul Jones na John Bonham, wakaunda bendi ya Led Zeppelin. Muziki wao ulikuwa wa roki: magitaa ya umeme yenye kunguruma, ngoma za kishindo, na juu yake sauti ya Plant ikipaa kama mwewe. Kwa miaka 12 bendi hiyo ilijaza viwanja vya Ulaya na Marekani. Tarehe 25 Septemba 1980 Bonham alifariki, na kabla ya mwaka huo kwisha wenzake wakatangaza kwamba hawataendelea.

Tarehe 10 Desemba 2007 watatu waliobaki walikutana tena jijini London kwa usiku mmoja, na Jason, mwana wa Bonham, akakalia ngoma za baba yake. Maombi ya tiketi yalizidi viti maradufu kwa maradufu. Mara dunia ikapiga kelele: zungukeni tena, imbeni tena! Mali ilikuwa tayari imewekwa mezani. Plant akaikataa. Hakukataa kwa uvivu, maana mwaka ule ule alikuwa ametoa albamu tulivu pamoja na Alison Krauss, mwimbaji na mpiga fidla wa Marekani, nayo mwaka 2009 ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Alikataa kwa sababu alikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Sehemu ya kazi hiyo ilionekana Septemba 2014, Plant akiwa na umri wa miaka 66. Albamu inaitwa lullaby and... The Ceaseless Roar, jina linaloweka bembelezo la mtoto kando ya ngurumo isiyokoma. Ina nyimbo 11. Humo mna gitaa la umeme na mitambo ya kisasa ya sauti. Mna wimbo wa kale wa milima ya Appalachia huko Marekani, uitwao Little Maggie. Mna wimbo uliotokana na ule wa Lead Belly, mwimbaji mweusi wa Louisiana. Mna sauti ya mwanamke aimbaye Kiwelisi. Na katikati ya hayo yote analia Mwafrika. Huyo ni Juldeh Camara wa Gambia, Mfulani wa ukoo wa waimbaji, aliyefundishwa na baba yake kipofu kupiga ritti. Ritti ni chombo cha uzi mmoja kipigwacho kwa upinde. Mwanafunzi atokaye pande za Ziwa Viktoria hahitaji maelezo zaidi. Akiisikia atasema kwamba ni ndugu ya orutu ya Waluo.

Sasa na tuwasikilize wapinzani, kwa maana si haki kumhukumu mtu asiyesemeshwa.

Mpinzani wa kwanza asema: mzee na abaki na nyimbo zake za ujana, kwani ndizo zilizompa jina, na mcheza kwao hutuzwa. Maneno haya yana sura ya heshima, lakini ndani yake mna uchoyo. Anayemtaka mwimbaji wa miaka 66 aimbe kama kijana wa miaka 21 hampendi mwimbaji. Aipenda nafsi yake mwenyewe ya zamani, naye amtaka mwenziwe awe kioo cha kumwonyesha nafsi hiyo. Yajapo makofi mengi mahali pamoja, kazi huharibika. Ndiyo maana wazee wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Plant aliyaona maji yale kabla hayajatiwa. Tena sauti yake yenyewe ilikuwa imebadilika: mlio wa juu ulikuwa umepungua, na mahali pake ulikuwa umekuja upole. Mwenye busara hulipanda shamba lake kwa mbegu inayolifaa udongo alio nao, wala hang'ang'anii mbegu ya msimu uliopita.

Mpinzani wa pili asema: mchanganyiko huharibu asili, na mwacha asili ni mtumwa. Hoja hii hupendwa sana katika nchi zetu, nawe bila shaka umeisikia kwenye mashindano ya muziki na drama ya shule. Lakini uliza: asili ipi? Benga, ambayo leo twaihesabu kuwa mali ya Kenya, ilizaliwa wapiga gitaa wa Kiluo walipolifunza chombo cha kigeni kusema lugha ya nyatiti. Taarabu ya Unguja na Mombasa ilipokea ala kutoka Misri, na maneno yake ni Kiswahili safi. Huo wimbo wa Little Maggie nao hupigwa kwa banjo, na banjo ni mjukuu wa ala ambazo Waafrika waliotiwa utumwani walivuka nazo bahari, kama si mikononi, basi vichwani mwao. Kwa hiyo Camara anapouingiza uzi wake mmoja katika wimbo wa Appalachia, je, amechafua kitu kisafi? Au ni babu aliyekuja kumtembelea mjukuu? Anayetaka muziki usio na mchanganyiko hana budi kunyamaza, kwa sababu hautapata.

Nakubali jambo moja kwa mpinzani huyu: uko mchanganyiko wa kivivu, ambapo mtu hurusha sauti ya mbali juu ya wimbo wake kama mpishi arushavyo bizari juu ya wali ulioungua. Lakini kazi ya Plant si ya aina hiyo. Alianza kusikiliza muziki wa Moroko katika miaka ya 1970. Mwaka 1994 yeye na Page walirekodi huko pamoja na wanamuziki wenyeji. Na Januari 2003 alisafiri mpaka Essakane, katika jangwa la Mali, akaimba kwenye tamasha la Watuareg. Na Camara alikuwa amekwisha kutoa albamu mbili pamoja na Justin Adams, mpiga gitaa wa bendi hiyo hiyo, mwaka 2007 na mwaka 2009. Mtu atumiaye miaka arobaini kusikiliza hawezi kuitwa mrusha bizari.

Mpinzani wa tatu ndiye mwenye nguvu, na kwake sitafanya mzaha. Yeye asema: Mzungu mwenye jina na mali amechukua tena sauti ya Mwafrika, na huo ni wizi wa zamani katika nguo mpya. Mpinzani huyu ana kumbukumbu, na kumbukumbu yake ni ya kweli. Mwaka 1939 jijini Johannesburg, Solomon Linda alirekodi wimbo wa Mbube. Wimbo huo ulivuka bahari, ukabadilishwa jina mara kwa mara, ukaimbwa na vikundi vya Marekani, ukaingia hata katika filamu, ukaleta utajiri kwa wengine. Lakini Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na warithi wake walipata mapatano ya haki mwaka 2006 tu, baada ya kwenda mahakamani.

Wala huyo Plant hana mikono mitupu katika habari hii. Mwaka 1969 Led Zeppelin ilitoa wimbo wa Whole Lotta Love, ambao ndani yake mlikuwa na maneno yaliyofanana na ya Willie Dixon, mtunzi mweusi wa bluzi, katika wimbo uliorekodiwa na Muddy Waters mwaka 1962. Jina la Dixon halikuandikwa. Dixon alishtaki mwaka 1985, na mwaka 1987 shauri likamalizwa kwa mapatano. Tangu hapo jina lake likatiwa miongoni mwa watunzi. Zilipita miaka 18 kati ya deni na malipo. Sitalifunika jambo hili kwa ajili ya kumpenda mwimbaji, kwa maana anayemtetea mtu kwa kuficha kosa lake humfanya asiaminiwe hata katika jema lake.

Lakini tazama, msomaji, ni nini hasa kilichokuwa kosa. Je, kosa lilikuwa kwamba vijana wa Kiingereza walizipenda bluzi za watu weusi wa Marekani? Hapana. Kupenda si kosa, na kujifunza si kosa. Kosa lilikuwa kutokuandika jina, na kutokutoa fungu. Basi pima albamu ya mwaka 2014 kwa kipimo hicho hicho. Camara hakusikika kwa siri: alikuwa mmoja wa bendi, akapanda jukwaani usiku baada ya usiku, akaonekana na watu. Jina lake limeandikwa miongoni mwa watunzi. Katika wimbo wa mwisho aimba Kifulani, lugha yake mwenyewe, wala hakutakiwa aigeuze ili mnunuzi wa London aielewe. Ni kweli kwamba jina lililo kubwa juu ya jalada ni la Plant, na yamkini hata leo mizani haijasimama sawa. Lakini mwenye kuona tofauti ya mwaka 1969 na mwaka 2014 na kusema ni mamoja, huyo haujali wizi, anajali ugomvi. Tena anawapa wezi faida: kama kila mwazimaji huitwa mwizi, basi mwizi wa kweli hupata pa kujificha katikati ya umati.

Kwa nini nakuandikia haya wewe uliye darasani Kenya, mbali na West Bromwich? Kwa sababu kesho utakuwa mwazimaji. Utatunga wimbo, utaandika shairi, utachora, utapiga picha, na mkono wako utachukua kitu kutoka kwa mtu aliyekutangulia. Haiwezekani kuwa vinginevyo. Na sisi nasi tuna madeni yetu ya nyumbani. Wimbo wa Malaika umeimbwa na watu wa nchi nyingi, Miriam Makeba akiwa mmoja wao. Walakini hapa kwetu wenyewe mabishano juu ya mtunzi wake yamedumu, wengine wakimtaja Fadhili William aliyeurekodi, wengine wakitaja watu wengine. Jina lisiloandikwa mapema kwa wino huandikwa baadaye kwa machozi. Na ni bibi wangapi wa vijijini ambao nyimbo zao za arusi na za mavuno hupigwa leo kwa gitaa jijini, na hakuna aulizaye majina yao? Tukiwashutumu wageni kwa dhambi ambayo sisi twaitenda kila siku kwa jirani, shutuma yetu itakuwa upepo.

Basi nakutaka ufanye mambo mawili, wala si mepesi. La kwanza, usimfunge mtu katika sifa yake ya jana, wala usikubali kufungwa. Mwalimu akikusifu kwa insha moja, ya pili iwe tofauti. Watu wakikupigia makofi kwa wimbo mmoja, washukuru, kisha wape mwingine wasioutazamia. Aliyeyafanya hayo akiwa na umri wa miaka 66, mali ikimwita arudi nyuma, ametuonyesha kwamba uzee si sababu ya kukariri. Nawe mwenye miaka 16 una sababu gani?

La pili, azima bila haya, lakini andika jina. Ukichukua mdundo wa orutu ya mzee fulani, mtaje mzee huyo. Ukipata fedha, mpelekee fungu lake angali hai, wala usingoje mahakama iende kwa warithi wake. Usiseme ni "wimbo wa kienyeji" ili ukwepe kuuliza ni wa nani. Kila wimbo wa kienyeji uliimbwa mara ya kwanza na mtu mwenye mama na baba na jina. Wazee walikwisha kulimaliza jambo hili kwa maneno machache: dawa ya deni ni kulipa.